Kete Ngeni Katika Sataranji: Je, Zaharibu Mchezo?

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi wanafunzi ambao sasa mmeachiwa shule yetu muitunze:

Nimepata habari kwamba katika chama cha sataranji cha shule pamezuka mabishano makali. Baadhi ya wanafunzi wameanza kucheza kwa kete zisizo za kawaida: kete iendayo kama ngome na pia kuruka kama farasi, kete irukayo juu ya wenzake mfano wa panzi, na nyingine za namna hiyo. Wenzao wamekasirika. Wanasema kwamba huo si mchezo bali ni mzaha, kwamba sheria ni sheria, na kwamba atakaye mzaha aende akauchezee nje ya chumba cha chama. Mhariri ameniomba, kwa kuwa nimefundisha historia kwa miaka mingi, niandike machache juu ya jambo hili.

Sitauficha msimamo wangu mpaka mwisho kama atungaye kitendawili. Ubaoni leo mna aina 6 za kete. Kati ya hizo, aina 3 zina mwendo ambao mchezaji wa zamani angeuhesabu kuwa ni upotovu: malkia, askofu, na yule askari wa mbele anayeruhusiwa kuvuka miraba 2 katika hatua yake ya kwanza. Kwa hiyo anayeilinda "sataranji halisi" dhidi ya kete ngeni, anailinda kwa silaha za wageni. Hata hivyo si kila mgeni alipokewa. Wengi walibisha hodi, wakarudi walikotoka. Basi swali la kujiuliza ni hili: kwa nini wachache walikaribishwa na wengi wakakataliwa? Tukilijibu, tutakuwa tumepata pia namna ya kuwapatanisha vijana wetu.

JESHI LA VIUNGO VINNE

Mchezo huu ulianzia Bara Hindi, yapata karne ya 6 baada ya Kristo. Jina lake la Kisanskriti lilikuwa chaturanga, maana yake viungo vinne, yaani sehemu nne za jeshi la siku zile: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo, na magari ya vita yaliyokokotwa na farasi. Kutoka huko mchezo uliingia Uajemi, ukaitwa chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 waliuchukua mchezo pamoja na nchi, wakalitamka jina kwa ulimi wao kuwa shatranj. Sisi wa pwani hii tulilipokea jina hilo kutoka kwa Waarabu, nasi tukalitamka kwa ulimi wetu: sataranji. Jina lenyewe limebadilika katika kila bandari lilipotia nanga, wala hakuna aliyelalamika.

Katika shatranj ya Waarabu ubao ulikuwa na miraba 64 kama wetu. Mfalme aliitwa shah. Ngome iliitwa rukh, na mwendo wake ulikuwa huu huu wa leo. Faras aliruka kama arukavyo farasi wetu. Lakini pembeni mwa mfalme hapakusimama malkia. Alisimama mshauri, au waziri, aliyeitwa firzan. Huyu alikwenda mraba 1 tu kwa mshazari, yaani pembe kwa pembe. Na mahali pa askofu palisimama fil, yule yule tembo tunayemsoma katika Sura ya Fil. Tembo huyu aliruka miraba 2 kwa mshazari, hakupungua wala hakuzidi.

Hebu chukueni ubao mhesabu. Malkia wa leo akisimama katikati ya ubao mtupu ana miraba 27 ya kuiendea. Waziri wa zamani alikuwa nayo 4. Tembo naye, hata akicheza siku nzima, katika miraba yote 64 aliweza kuifikia 8 tu. Mchezo ulikuwa wa kina, lakini ulitembea polepole kama msafara wa ngamia. Wachezaji wa Kiarabu walilijua hilo, na mara nyingi hawakuhesabu hatua za mwanzo moja moja. Kila mmoja alizipanga kete zake kwa mpango uliojulikana, ulioitwa ta'biya, kisha vita vikaanza kwa kweli.

Shikeni neno hilo: polepole. Ndilo litakalotufungulia mlango huko mbele.

TWIGA NA MAMBA UBAONI

Wala msidhani kwamba kupenda kete ngeni ni maradhi ya vijana wa leo. Mwandishi al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad aliyefariki Misri mwaka 956, aliorodhesha katika kitabu chake namna kadhaa za sataranji zilizochezwa wakati wake. Palikuwa na ubao wa duara, palikuwa na ubao mrefu mwembamba, na palikuwa na ubao wa miraba 100 ulioongezewa kete iitwayo dabbaba, yaani mtambo wa kubomolea kuta za mji uliozingirwa. Mwandishi huyu si mgeni kwetu. Alisafiri katika bahari yetu, na mwaka 916 aliondoka kwa jahazi kutoka kisiwa alichokiita Qanbalu kwenda Oman. Wanahistoria wengi wanaona kwamba Qanbalu ni Pemba.

Baada yake aliishi Timur, mshindi wa Samarkand aliyefariki mwaka 1405. Ibn Arabshah, ambaye alichukuliwa mateka kutoka Damascus akiwa mtoto na baadaye akaandika maisha ya Timur, anaeleza kwamba mtawala huyo alipenda kucheza sataranji kubwa. Ubao wake ulikuwa na miraba 110, pamoja na ngome 2 za kukimbilia zilizochomoza nje ya ubao, moja kila upande. Humo mlikuwa na ngamia, mlikuwa na mtambo wa vita, na mlikuwa na twiga. Twiga alianza kwa mraba 1 wa mshazari, kisha akanyoosha shingo kwenda mbele au pembeni kwa miraba isiyopungua 3. Askari wa mbele walikuwa 11, na kila mmoja alikuwa na bwana wake: askari wa twiga akifika mwisho wa ubao aligeuka twiga, na askari wa ngamia aligeuka ngamia. Hakuna bara jingine lenye twiga isipokuwa letu, na mwaka 1404 mjumbe wa Hispania, Ruy González de Clavijo, alikutana njiani na twiga aliyekuwa akipelekwa kwa Timur kama zawadi ya Sultani wa Misri. Basi mnyama wa mbuga zetu aliingia katika mchezo wa wafalme wa Asia wakati babu zetu wakimwona kila siku bila kumstaajabia.

Huko Hispania nako, mwaka 1283, Mfalme Alfonso wa 10 alikamilisha kitabu kikubwa cha michezo mjini Sevilla. Ndani yake kuna sataranji ya miraba 144, kila upande ukiwa na kete 24. Kete hizo ni hifadhi nzima ya wanyama: simba, twiga, mamba, kifaru ambaye kitabu kinamwita mnyama wa pembe moja, na ndege mkubwa ajabu kama yule wa hadithi za Sindbadi. Kwa sababu mchezo ulikuwa mrefu mno, mfalme aliruhusu dadu yenye pande 8 itupwe ili iamue kete ipi iende.

Sasa mtazameni mamba wa Alfonso. Alikwenda kwa mshazari, mbali kadiri apendavyo, hadi azuiwe. Huo ni mwendo wa nani? Ni mwendo wa askofu wetu wa leo, na ulikuwa ubaoni miaka 200 kabla askofu hajaupata. Mwendo tunaouita wa kawaida ulikuwa wa mamba katika bustani ya maajabu.

MALKIA MWENYE WAZIMU

Wajerumani nao walikuwa na mchezo wao wa miraba 96, na ndani yake kete iliyoitwa mjumbe, mkimbiza barua. Mjumbe huyu alikuwa na mwendo ule ule wa mamba. Mchezo huu umetajwa katika utenzi wa Kijerumani wa mwanzoni mwa karne ya 13, na yapata mwaka 1508 Lucas van Leyden, mchoraji wa Uholanzi, alimchora mwanamke akiucheza na mwanamume huku watu wamewazunguka. Mwaka 1651 mtawala wa Brandenburg alikizawadia kijiji cha Ströbeck ubao wake. Kwa hiyo ulichezwa kwa karne nyingi, lakini ulibaki kando, na mwendo wa mjumbe ulibaki nao.

Kisha, yapata mwaka 1475, katika mji wa Valencia huko Hispania, mambo yaligeuka. Kete ya mshauri ilikuwa imekwisha kugeuka mwanamke tangu zamani. Shairi moja la Kilatini la karibu mwaka 1000, lililohifadhiwa Einsiedeln katika Uswisi, tayari lamtaja malkia. Lakini alikuwa malkia wa jina, mwenye hatua 1 tu. Huko Valencia alipewa mwendo wa ngome na wa mshazari kwa pamoja, akawa ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Tembo naye, aliyekuwa amekwisha kuvishwa majoho ya askofu na Waingereza, alipewa mwendo wa yule mamba. Mwanahistoria Marilyn Yalom, katika kitabu chake cha mwaka 2004, anayahusisha mabadiliko hayo na Malkia Isabella aliyekalia kiti cha Kastilia mwaka 1474. Wengine wanatafuta sababu ndani ya mchezo wenyewe.

Wazee wa wakati ule hawakukaa kimya. Waitaliano waliuita mchezo huo mpya sataranji ya kichaa, na Wafaransa wakauita wa malkia mwenye wazimu. Hayo si majina ya sifa! Mwaka 1497 Mhispania Lucena alichapisha kitabu mjini Salamanca kilichofundisha namna zote mbili, ya zamani na ya malkia. Kitabu kile kilisimama katikati ya mto, mguu mmoja ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile. Lakini muda usiotimia miaka 100 mto ulikwisha vukwa, na katika sehemu kubwa ya Ulaya mchezo wa kale ukawa ni habari za vitabuni.

Kwa nini huyu "mwendawazimu" alishinda, na twiga wa Timur akashindwa? Mimi naona sababu 3. Ya kwanza, aliuponya ugonjwa ambao kila mchezaji aliuhisi, yaani uzito wa mwanzo wa mchezo. Ya pili, hakudai ubao mpya wala fundi wa kuchonga. Kete zilikuwa zile zile, miraba ile ile 64. Kilichobadilika ni neno la sheria tu, na neno husafiri bila nauli. Ya tatu, alikuja pamoja na mashine za kupiga chapa, na neno lililochapwa lilifika miji mingi kabla halijapotoka. Twiga wa Timur alihitaji ubao wa peke yake, seremala wa peke yake na mtawala wa kulipa gharama. Mtawala alipokwenda, twiga alibaki katika maandishi.

WALIOPOTEZA

Sasa nageuka niseme na ninyi mnaoshabikia mambo mapya, maana nimewaona mkitabasamu. Ushindi wa malkia ulikuwa na gharama, na historia isiyotaja gharama ni nusu ya historia.

Aliishi Baghdad katika karne ya 10 mtu aitwaye as-Suli. Alimshinda bingwa wa Khalifa al-Muktafi mbele ya Khalifa mwenyewe, na kwa karne nyingi baada yake Waarabu walipotaka kumsifu mchezaji walisema anacheza kama as-Suli. Aliacha fumbo moja lenye kete 4 tu: wafalme 2 na mawaziri 2 wa zamani, wale wa hatua moja. Alidai kwamba hakuna awezaye kulifumbua isipokuwa aliyefundishwa naye. Watu waliojua tabia za waziri yule walizidi kupungua, na fumbo likabaki limefungwa kwa takriban miaka 1000, hadi miaka ya 1980 lilipofumbuliwa na Yuri Averbakh, bingwa wa Urusi. Fikirini: elimu ya vizazi, iliyokusanywa na watu wenye akili kali, iligeuka karatasi za makavazi kwa sababu kete 2 zilibadilishiwa mwendo.

Tunao jirani ambaye hakukubali kulipa gharama hiyo. Uhabeshi walicheza mchezo wao waliouita senterej, nanyi mnasikia wenyewe undugu wa jina hilo na letu. Mwingereza Henry Salt, aliyefika Tigre mwaka 1805, ameeleza jinsi Ras Wolde Selassie alivyoupenda. Wahabeshi walimbakiza waziri wa hatua moja na tembo wa kuruka mpaka karne ya 20. Je, mchezo wao ulikuwa mzito basi? La hasha! Ugonjwa ule ule wa mwanzo wa polepole waliutibu kwa dawa yao wenyewe: mchezo ulipoanza, wachezaji wote wawili walisogeza kete kwa wakati mmoja bila kungojeana zamu, kila mmoja akimtupia jicho mwenzake, hadi kete ya kwanza ilipoliwa. Hapo ndipo walipoanza kupokezana. Ulaya walibadili kete. Uhabeshi wakabadili zamu. Hakuna aliye na haki ya kusema kwamba njia moja ndiyo ya kistaarabu na nyingine ni ya kishenzi.

NGUVU NYINGI KUPITA KIASI

Baada ya malkia walikuja wengi waliotamani kuitwa waanzilishi. Mwaka 1617 padri wa Sisilia, Pietro Carrera, alichapisha kitabu na kupendekeza ubao wa miraba 80 na kete mpya 2 kila upande: moja yenye nguvu ya ngome na farasi kwa pamoja, nyingine ya askofu na farasi. Haikushika. Mwaka 1874 Mwingereza Henry Bird alileta wazo karibu sawa na hilo. Halikushika. Katika miaka ya 1920 akaja mtu mzito zaidi, José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927. Yeye aliogopa kwamba mabingwa wataujua mchezo kupita kiasi, na kila pambano litaishia sare. Hofu yake haikuwa ndoto. Alipopambana na Alekhine mjini Buenos Aires mwaka 1927, michezo ilikuwa 34, na kati ya hiyo 25 ilikwisha kwa sare. Capablanca naye alitaka ubao mkubwa wenye kete zile zile mbili za mchanganyiko. Sifa zake zilijaa dunia nzima, lakini hata yeye hakufaulu.

Mtu asidhani kwamba ni ubaya wa kete. Kete hizo ni nzuri. Mimi mwenyewe nimezicheza. Katika bweni letu ngome moja ilipopotea tuliweka kizibo cha soda mahali pake, na kwa utundu tukakubaliana kizibo kile kiruke pia kama farasi. Tulicheza muhula mzima, tukifurahi, bila kujua kwamba padri wa Sisilia alitutangulia kwa karne tatu na zaidi. Lakini tuliona pia udhaifu wake: vizibo vilipoingia vitani, kete ndogo zilikaa kando kama watazamaji. Kila mchezaji alikimbilia kizibo chake.

Zaidi ya hayo, ugonjwa alioutibu Capablanca ulikuwa ugonjwa wa mabingwa. Mchezaji wa kawaida, wa barazani au wa bwenini, hakusumbuliwa na sare nyingi. Alisumbuliwa na kupoteza farasi wake hatua ya 8. Na dawa yenyewe ilidai ubao mpya kwa watu ambao ule wa zamani uliwatosha. Mwaka 2007 Yasser Seirawan na Bruce Harper walizirudia kete hizo kwa busara zaidi. Waliacha ubao wa miraba 64 kama ulivyo, wakaweka kete ngeni nje, nazo huingia ubaoni mahali palipoachwa wazi na kete ya safu ya nyuma inaposogea mara ya kwanza. Hapo gharama imepungua, nao wamepata wachezaji.

PANZI WA DAWSON

Imebaki njia moja ambayo kete ngeni zimeifuata bila kumfukuza mtu yeyote. Alikuwako Uingereza mkemia wa kiwanda cha mpira aitwaye Thomas Rayner Dawson, aliyezaliwa 1889 na kufariki 1951. Yeye hakutaka kubadili mchezo wa mashindano hata kidogo. Alitunga mafumbo, zaidi ya 5000, na katika mafumbo yake aliruhusu kete za kila namna. Mwaka 1913 alimzaa panzi. Panzi huenda katika mistari ile ile ya malkia, lakini hawezi kwenda bila kuruka juu ya kete nyingine, iwe yake au ya adui, na lazima atue mraba unaofuata mara moja. Tuseme kete yoyote iko miraba 4 mbele yake: panzi ataruka na kutua mraba wa 5, na akimkuta adui hapo atamla. Pasipo kete ya kurukia, panzi amesimama kama mti.

Mwaka 1925 Dawson alimleta farasi wa usiku, arudiaye hatua yake ya farasi mara nyingi katika mstari mmoja kwa mkupuo mmoja. Wachina nao walikuwa na ndugu yake panzi karne nyingi kabla: mzinga wao huenda kama ngome, lakini hauli mpaka uwe umeruka kete moja iliyo katikati.

Na tazameni jinsi Dawson alivyoujua ulimwengu. Panzi wake hakuhitaji kuchongwa. Katika picha za mafumbo huonyeshwa kama malkia aliyesimamishwa kichwa chini, basi. Jarida alilolihariri lilidumu hata baada yake, hadi mwaka 1958, na mafumbo ya namna hiyo yangali yakitungwa hadi leo.

Kuna somo ndani ya panzi kupita kiasi cha mchezo. Malkia ni hodari hata akiwa peke yake uwanjani. Panzi ni hodari pale tu penye wenzake, na kadiri kete zinavyoliwa ndivyo anavyozidi kudhoofu. Mchezaji aliyezoea kupima kete kwa nguvu zake anajifunza kuipima kwa majirani zake. Mwalimu yeyote angependa mwanafunzi wake alijue jambo hilo.

NENO KWA CHAMA CHA SATARANJI

Kwa hayo yote, nasema hivi. Katika mashindano baina ya shule na shule, chezeni kwa sheria za kawaida, zile zinazosimamiwa na shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924. Si kwa sababu sheria hizo zilishuka kutoka mbinguni, bali kwa sababu watu wasiojuana hawawezi kupambana bila sheria moja. Asiyezijua ajifunze kwanza hizo, kwani asiyejua kwa nini farasi ana thamani hawezi kujua amepata nini anapomwongezea nguvu.

Lakini chumbani mwenu wekeni meza ya pili, na asifukuzwe mtu. Atakayeleta kete ngeni na aulizwe maswali 3. Je, inaponya ugonjwa gani wa mchezo? Je, twaweza kuijaribu leo kwa ubao tulio nao, kwa kizibo au kwa kete iliyogeuzwa kichwa chini? Je, inawaachia wenzake kazi ya kufanya, au yataka kutawala peke yake? Sheria yake itangazwe kabla ya hatua ya kwanza, nayo iwe sawa kwa pande zote mbili. Pia muwe na daftari, mwandike kila kete mliyoijaribu na mlichokiona, ili elimu yenu isizikwe kama ya as-Suli.

Pwani yetu haijapata kuona taabu katika jambo hili. Bao la Kiswahili, lenye kete 64 na mashimo 32, linachezwa na mafundi. Bao la kujifunza linachezwa na wanaoanza. Na hakuna lililoliua jingine.

Ninyi mnaotetea sheria, mnatetea kitu cha thamani, msione haya. Ninyi mnaogeuza kete, mnafanya lile lililofanywa Valencia na Samarkand, nanyi pia msione haya. Ila msitarajie kushinda kwa kelele. Kete iliyo njema itatafutwa na wachezaji wenyewe, wala haitahitaji wakili. Iliyo mbaya itabaki kuwa kizibo cha soda. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.